Kipande cha kijani kutoka Mashamba: ni silaha ya bronzi ao ni kitu kingine?



Kuna picha moja inayorudi kila mara katika magroupe yetu ya WhatsApp. Unaona kiganja cha mchimbaji, vumbi jekundu, na katikati kipande cha metali ya kijani, kirefu kama kidole, upande mmoja mpana, upande mwingine umechongoka. Chini yake kumeandikwa: «Bakubwa, hii tumeitoa upande wa Mashamba. Njo mkuki ya bronze ya bazamani? Inaweza kufika bei gani?» Halafu majibu yanaanza kumiminika. Mmoja anasema ni ya Waportugali. Mwingine anasema ni ya Misri. Wa tatu anashauri: «Peleka kwa négociant, batapima kilo.»

Katika majibu yote hayo, ni nadra kumwona mtu akiuliza swali la kwanza: kipande hiki kilikuwa kimelala wapi, na kilikuwa pamoja na nini? Bila jibu la swali hilo, hata profesa mwenye maabara kubwa atashindwa kukipa umri. Leo tueleze jambo hili polepole, hatua kwa hatua, ili picha ikirudi tena tuwe na la kusema.

1. Kwanza, bronzi ni nini?

Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, ile étain ya Manono. Kwa kawaida bati ni kama sehemu 10 katika 100. Bati inaifanya shaba iyeyuke kwa joto dogo zaidi (shaba peke yake inayeyuka kwenye digrii 1,084), imiminike vizuri, na ikiisha kupoa iwe ngumu zaidi. Ukichanganya shaba na zinki unapata kitu kingine, laiton, ile ya njano ya mabomba na maganda ya risasi.

Sasa shida iko hapa: shaba safi, bronzi na laiton zote zikikaa ardhini miaka mingi zinavaa kutu ya kijani. Kwa hiyo rangi ya kijani inakuambia jambo moja tu: ndani kuna shaba. Haikuambii kama kuna bati, na haikuambii umri. Kipande cha waya wa umeme kilichofukiwa mahali penye maji na chumvi kinaweza kuwa kijani sana baada ya miaka michache.

2. Kwa nini tunakimbilia neno «bronzi»?

Ni juu ya masomo tuliyopewa. Kwenye shule wengi wetu tulijifunza zama tatu: zama za mawe, zama za bronzi, zama za chuma. Mpango huu ulitengenezwa na Christian Jürgensen Thomsen, Mdenmark aliyepanga vitu vya makumbusho ya Copenhagen, na kitabu chake cha kuueleza kilitoka mwaka 1836. Kwa vitu vya Denmark mpango ulifanya kazi vizuri. Ulaya na Mashariki ya Kati zilikuwa kweli na miaka mingi sana ambapo panga, mikuki na mashoka yalikuwa ya bronzi, kabla chuma haijaenea.

Lakini huku kwetu historia ilipita njia yake. Katika Afrika ya Kati, watu waliacha mawe na kuingia katika chuma na shaba karibu wakati mmoja, bila kupitia kipindi cha bronzi katikati. Mafundi wa Katanga walikuwa na shaba tele, na bati ilikuwa Manono, katika Katanga ile ile ya zamani. Hata hivyo misalaba ya shaba ya zamani iliyopimwa katika maabara ni shaba karibu safi. Sababu inaeleweka: mhunzi alikuwa tayari na chuma, na chuma inatoa jembe, kisu na mkuki mzuri. Hakuwa na haja ya kutafuta bati mbali ili shaba yake iwe ngumu. Kusini zaidi, upande wa Zimbabwe na Afrika ya Kusini, bronzi ilitengenezwa, lakini hiyo ilikuja katika milenia ya pili baada ya Kristo, wakati chuma ilikuwa imekwisha zoeleka zamani.

Kwa hiyo mtu akikuambia «hii ni silaha ya zama za bronzi za Kolwezi», jibu ni kwamba Kolwezi haikuwa na zama za bronzi. Na hilo si aibu. Ngojeni muone tulikuwa na nini.

3. Ardhi yetu inasema nini?

Karibu na Lubumbashi, mahali panapoitwa Naviundu, kulipatikana mabaki ya kuyeyusha shaba ambayo umri wake unafika karne ya 4 hivi baada ya Kristo. Ng'ambo ya mpaka, Kansanshi karibu na Solwezi, Zambia, kuna ushahidi wa kazi ya shaba wa karibu wakati huo huo. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya miaka 1,500.

Kaskazini yetu kuna ziwa Kisale, katika bonde la Upemba. Pale Sanga kuna makaburi ya zamani ambayo Jacques Nenquin aliyachimba mwaka 1957, Jean Hiernaux mwaka 1958, na Pierre de Maret akarudi mwaka 1974 na 1975, akachimba pia sehemu nyingine za bonde kama Kamilamba, Katongo na Malemba-Nkulu. Kwa kulinganisha vyungu, makaburi na vipimo vya kaboni, alipanga historia ya bonde hilo kuanzia karne za kwanza za chuma mpaka Waluba wa karibuni. Ni kati ya mfululizo wa makaburi unaojulikana vizuri zaidi katika Afrika ya Kati yote.

Katika makaburi hayo, silaha na vyombo vya kazi ni vya chuma: mikuki, visu, majembe, vyusa vya kuvulia samaki. Kamilamba lilipatikana hata shoka la heshima pamoja na fuawe ya mhunzi, alama za mtu mwenye mamlaka. Na shaba je? Shaba ni bangili, mikufu, mikanda. Baadaye, kuanzia karne ya 14 hivi, inatokea kwa wingi ile misalaba midogo ya shaba tunayoijua wote. Katika karne zilizofuata misalaba inakuwa midogo zaidi na inafanana kwa ukubwa, na katika makaburi inakuwa karibu na mikono na kiuno cha marehemu, mingine imefungwa pamoja. De Maret aliona humo alama ya pesa. Mwanzoni ni kitu cha thamani cha mambo makubwa kama mahari, baadaye ni pesa ya kila siku.

Kumbukeni tena kwamba bonde la Upemba halina migodi ya shaba. Shaba ya Sanga ilitoka huku kwetu, kwenye mkanda wa shaba, safari ya zaidi ya kilomita 200 kwa miguu na kwa mtumbwi. Mwaka 1960 Katanga iliyojitenga iliweka misalaba mitatu kwenye bendera yake, na mwaka 1961 ikauweka msalaba huo kwenye sarafu zake. Wengi tunajua ile bendera, lakini wachache tunajua kwamba msalaba ulikuwa pesa karne nyingi kabla yake.

4. Sasa tukichukue kipande mkononi

Turudi kwenye picha yetu. Namna gani utajua kama ni ncha ya mkuki ao ni mkono wa msalaba uliovunjika?

Tazama pande zote mbili. Fundi wa zamani alikuwa anamimina shaba katika kalibu iliyo wazi juu, iliyochongwa katika udongo ao mchanga. Upande wa chini unachukua umbo la kalibu. Upande wa juu unapoa hewani, kwa hiyo unabaki na mikunjo na vishimo vidogo vya hewa. Kama kipande kina upande mmoja safi na mwingine wenye ngozi mbaya, una sababu ya kufikiri msalaba ao kipande kingine cha biashara. Mkuki unafuliwa kwa nyundo pande zote mbili, na mara nyingi una mgongo katikati.

Tazama makali. Silaha inahitaji ukingo mwembamba. Mkono wa msalaba una ukingo wa duara ao wa mraba, hauwezi kukata hata mhogo.

Tazama mahali palipovunjika. Kama upande mmoja unaonyesha kwamba kipande kiliungana na kitu kinene zaidi, labda hapo ndipo katikati ya msalaba. Mkono mmoja peke yake unadanganya macho sana, unafanana na ncha.

Tazama ukubwa na umbo. Misalaba haikuwa ya aina moja. Mingine ina umbo la H, mingine X. Ile ya makaburi ya mwisho ya Upemba ni midogo sana, unaweza kufunika kadhaa kwa kiganja. Ile ya X ya karne ya 19 inaweza kukaribia kilo moja. Umbo linasaidia kukisia wakati, sawa vile umbo la simu linakuambia kama ni ya 2005 ao ya 2020.

Na silaha zenye shaba zilikuwepo, tusiseme hapana. Mashoka ya heshima ya Wasongye yana mpini wa mti uliofunikwa kwa bamba la shaba. Lakini angalieni: jani la shoka lenyewe ni chuma. Shaba ilikuwa inaonyesha ukubwa wa mwenye shoka, na kazi ya kukata ilifanywa na chuma.

5. Métorex itasema ukweli?

Hapa Kolwezi tuna bahati moja. Mashine inayopima kwa mionzi ya X, ile ambayo wachimbaji wote wanaiita métorex, iko karibu kwenye kila dépôt. Wanaipiga kwenye mawe kujua asilimia ya shaba na kobalti. Mashine ya namna hiyo, ikiwekwa kwenye utaratibu wa kupima metali, inaweza kuonyesha pia bati, zinki na risasi ile tunayoita plomb.

Lakini muwe na tahadhari mbili. Ya kwanza, mashine inasoma ngozi ya juu tu, na ngozi ya kitu cha zamani ni kutu iliyochanganyika na udongo. Kama kipande kilikuwa katika udongo wenye kobalti, mashine itaona kobalti ambayo haikuwa kazi ya fundi.

Ya pili ni hii. Tuseme mashine inaonyesha bati 10 kwa 100, ni bronzi kweli. Msifurahi haraka. Mji wetu ulianza mwaka 1937 kwa ajili ya migodi, na tangu hapo umejaa pampu, vali na mashine kubwa. Coussinets za mashine hizo, zile zinazoshika mhimili unaozunguka, nyingi ni bronzi. Na kama mashine inaonyesha zinki nyingi, kumbukeni kwamba Kolwezi iliona vita mwaka 1978, na ganda la risasi ni laiton. Katika udongo wetu, kipande cha bronzi kina nafasi kubwa ya kutoka kwenye mashine ya karne ya 20. Kumbe kile chenye shaba karibu safi, ambacho wengi wangekidharau kwamba «ni shaba tu», ndicho kinachofanana na kazi ya mababu.

Maabara kubwa zinaweza kwenda mbali zaidi. Zinapima isotopu za risasi kidogo iliyomo ndani ya shaba, kisha zinalinganisha na isotopu za migodi mbalimbali. Kazi ya namna hii imefanyika juu ya misalaba ya Afrika ya Kati, na matokeo yakatolewa mwaka 2019. Kipimo hicho kinasaidia kujua shaba ilitoka eneo gani. Hata hicho hakitoi umri.

6. Umri unatoka wapi basi?

Hapa ndipo watu wengi wanashangaa. Kipimo maarufu cha kaboni 14 kinapima kitu kilichokuwa hai: mti, makaa, mfupa, nguo ya pamba. Kiumbe kikifa, kaboni 14 yake inaanza kupungua, na nusu yake inaisha katika miaka 5,730. Shaba haijawahi kuwa hai. Kwa hiyo huwezi kutuma kipande chako peke yake na kurudishiwa tarehe.

Umri wa shaba unatoka kwa majirani zake: makaa yaliyolala nayo katika tabaka moja, chungu kilichokuwa kando yake, mfupa wa marehemu aliyezikwa nayo, uzi uliokuwa umeifunga. Lakini jirani lazima awe jirani wa kweli.

Mfano mzuri uko Zambia, kwenye bonde la Zambezi, mahali panapoitwa Ingombe Ilede. Mwaka 1960 mafundi waliokuwa wanatengeneza mahali pa matanki ya maji waligusa makaburi. Ndani mlikuwa na dhahabu, nguo za pamba, vyombo vya kuvutia waya, na misalaba ya shaba. Vipimo vya kwanza vya kaboni viliwafanya watafiti wayaweke makaburi hayo kati ya karne ya 7 na ya 10. Baadaye wengine wakasema hapana, ni ya karibu zaidi. Mwishoni, mwaka 2017, McIntosh na Fagan walitangaza vipimo vipya vilivyofanywa juu ya pamba yenyewe kutoka makaburini. Tarehe ikashuka mpaka karne ya 16 hivi.

Angalieni tofauti: zaidi ya miaka 600! Makaa yanaweza kutoka katika tabaka la watu walioishi pale zamani kabla ya marehemu, ao kutoka katika mti uliokuwa mzee tayari. Pamba iliyogusa shaba ilikuwa shahidi wa karibu zaidi. Na ni shaba yenyewe iliyoihifadhi, kwa sababu chumvi za shaba zinaua vijidudu vinavyokula nguo. Ile kutu ya kijani ambayo tunapenda kuisugua kwa limau na mchanga ili kitu king'ae, inaweza kuwa imeshika uzi mdogo ambao ndio tarehe yote. Ukiusugua, tarehe imekwenda na maji.

7. Kwa hiyo tufanye nini?

Hapa kwetu jambo hili lina haraka. Watafuta madini waliofika mwishoni mwa karne ya 19 walionyeshwa mashimo ya zamani, na migodi mingi ya baadaye ilianzia juu ya kazi ya wale waliotangulia. Maana yake, mahali tunapochimba sasa ndipo mababu walipochimba. Kila benchi inayoshuka katika shimo kubwa, na kila kisima kinachofunguliwa ndani ya parcelle kama tulivyoona Kasulo, inaweza kukata tanuru ya zamani bila mtu kujua. Hapo hakuna wa kulaumu peke yake: aliye na njaa hawezi kusimamisha kazi kwa ajili ya kipande cha kijani kama hakuna aliyemweleza.

Basi tuwaeleze. Ukikuta kipande, ao ukitumiwa picha:

Kwanza, piga picha kikiwa bado mahali pake, kabla ya kukitoa. Weka kando yake kitu kinachoonyesha ukubwa, hata kizibo cha chupa.

Pili, andika mahali: mlima gani, kina gani, udongo wa rangi gani. Simu yako ina GPS, itumie.

Tatu, tazama pembeni. Kuna makaa? Vipande vya vyungu? Udongo ulioungua mwekundu? Mavi ya shaba, yale mabaki meusi yanayobaki baada ya kuyeyusha? Tanuru za zamani zilijengwa mara nyingi kwa udongo wa kichuguu. Na kama unaona zulia la majani ya Haumaniastrum katangense, lile ua dogo la shaba, mahali ambapo hakuna mgodi, simama kidogo. Karibu na Lubumbashi, watafiti walipata mahali pa tanuru za zamani kwa kufuata ua hilo tu.

Nne, usioshe, usisugue, usikate ili kuona rangi ya ndani. Kifunge kikavu katika karatasi.

Tano, toa habari. Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni bado inajulikana, na Code minier ya 2002 inamtaka mwenye titre ambaye kazi yake imefunua vitu vya zamani asivihamishe na aandikie mamlaka ya utamaduni na makumbusho. Lubumbashi kuna Makumbusho ya Taifa, na vyuo vyetu vina walimu wa historia na wa geolojia. Wanafunzi wa geolojia wa page hii, ninyi mnaingia shimoni na mnajua kusoma tabaka. Mnaweza kufanya kazi hiyo kuliko mtu yeyote.

Kwa négociant, kipande cha gramu 80 ni bei ya gramu 80 za shaba, labda haitoshi hata sahani ya bukari. Kitayeyushwa pamoja na waya na cathode, na hakuna maabara itakayokirudisha. Lakini picha tatu, jina la mlima na kipande cha makaa kilichofungwa katika karatasi vinaweza kuonyesha kwamba watu walikuwa wanayeyusha shaba hapa upande wa Mashamba katika karne fulani, jambo ambalo mpaka leo tunalijua vizuri zaidi kwa Naviundu, Kansanshi na Sanga kuliko kwa Kolwezi.

Kwa hiyo picha ikirudi kwenye groupe yenu, kabla hamjajibu «bronze» ao «fer à béton», mjibuni mwenzenu: «Ndugu, ilikuwa imelala wapi? Kulikuwa nini kando yake? Usiioshe kwanza.»

Na kama wazee wa kwenu wanakumbuka mahali penye mavi ya shaba ya zamani, ao jina la mlima ambalo maana yake ni tanuru ao shaba, tuandikieni hapa chini. Taja mlima na kijiji tu, majina ya watu yaacheni. Tutayakusanya.